Kuandika kila siku hadi kutoa kitabu chako mwenyewe kwa Kiswahili: uzi wa wanaoanza

Kalamu ya Kilosa

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikigusia vitabu humu jukwaani, PM (ujumbe wa faragha) inajaa maswali yale yale. Nina hadithi kichwani, nianzie wapi? Kuchapa ni shilingi ngapi? Nikishachapa nitauza wapi? Nimeona heri niyajibu hadharani, na wenye uzoefu kunizidi wajazie. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Natunga riwaya fupi na hadithi za vijana, vitabu natoa mwenyewe bila kampuni nyuma yangu, na vinauzwa hadi vinahitaji kuchapwa tena.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajue pa kushika: bei ya kuchapa inaulizwa mapema mno. Watu wanatafuta mashine kabla ya kuwa na muswada, na wakiupata wanaukimbiza kwa mchapaji haujaguswa na mhariri. Ndiyo maana kuna waandishi wengi wenye maboksi ya vitabu chini ya kitanda. Kwanza uwe mtu anayeandika kila siku. Kisha upate watu wachache wasio ndugu zako wakusome. Kisha umlipe mhariri. Mashine ndiyo ya mwisho.

Hilo la kila siku tulipigie hesabu. Ukurasa wa kitabu cha A5, herufi saizi 11, unabeba takriban maneno 300. Ukiandika ukurasa mmoja kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 50, una maneno 75,000. Riwaya fupi inatosha kwa maneno 40,000 hadi 50,000. Kwa hiyo hata ukitupa theluthi nzima ya ulichoandika, na utaitupa, mwaka unaisha muswada uko mkononi. Ukurasa mmoja haumalizi saa kwa mtu aliyezoea. Kazi ngumu ni kukaa pale pale siku ambayo hakuna kinachokuja.

Mimi naandika alfajiri, kabla watoto hawajaamka kujiandaa na shule. Naandika kwa kalamu kwenye kaunta buku. Jumamosi nawasha kompyuta kuingiza ya wiki nzima, na huko kwenye kuingiza ndiko marekebisho ya kwanza yanakofanyika. Simu inabaki chumba kingine. Na kuna zoea moja limenisaidia kuliko mengine yote: sifungi daftari tukio likiwa limekwisha. Namwacha mhusika kashika kitasa, au kaulizwa swali hajajibu. Kesho yake nakaa nikiijua sentensi inayofuata, na hiyo inavuta nyingine. Ukimaliza sura nzima leo, kesho unaanza na ukurasa mweupe, na ukurasa mweupe umewashinda wengi.

Daftari dogo la pili linakaa kwenye mkoba. Hilo ni la maneno ya watu: kwenye daladala, foleni ya hospitali, msibani. Siandiki visa vyao, naandika namna wanavyosema. Mama mmoja stendi ya Msamvu alimwambia kondakta, "Usinihesabie chenji yangu kama unanipa zawadi." Sentensi ile huwezi kuitunga ukiwa umekaa mezani.

Halafu soma. Anayetaka kuandika Kiswahili asome Kiswahili, cha zamani na cha leo, na mashairi pia hata kama hatungi mashairi. Anayesikiliza taarifa ya habari tu ataandika kama taarifa ya habari.

Karibuni tuchangie.

Mlinzi wa Usiku

Shikamoo mwalimu. Nimekaa siti ya mbele kabisa.

Mimi niko Mwanza, nafanya lindo usiku kwenye ghala. Kompyuta sina, naandika kwenye simu. Je, kwa kitabu kizima simu inafaa? Na nitajuaje kama ninachoandika ni kizuri? Maana washkaji wote wanasema "moto sana kaka", lakini hakuna anayeomba mwendelezo. Naweka aya yangu ya kwanza hapa, nirekebisheni bila kunionea haya:

"Mnamo majira ya saa kumi na mbili za asubuhi, Rehema aliweza kuamka kutoka katika usingizi mzito aliokuwa amelala na kuanza kuelekea katika eneo la kisima kwa ajili ya kwenda kuchota maji, huku akiwa ni mwenye huzuni kubwa sana ndani ya moyo wake kutokana na maneno aliyoambiwa na mama mkwe wake."

Kalamu ya Kilosa

Marahaba mdogo wangu. Umefanya jambo la maana kuiweka, maana aya moja iliyo mezani inafundisha kuliko maelezo yangu yote ya juu.

Simu inafaa. Ila andika kwenye Google Docs, usiandike kwenye noti za simu, ili simu ikipotea kazi yako ibaki. Kila sura iwe na faili lake. Vidole vikichoka, kibodi ya Google inasikiliza Kiswahili, unasema nayo inaandika. Alama za uandishi na majina ya watu utayapanga mwenyewe baadaye. Muswada ukikamilika ndipo ulipie kompyuta steshenari uupange vizuri.

Sasa aya. Kisa unacho. Mama mkwe, maneno ya usiku, kisima, hapo kila msomaji anataka kujua kilichosemwa. Kinachokuangusha ni lugha. "Mnamo majira ya" ni lugha ya ripoti ya ajali. "Aliweza kuamka": alikuwa mgonjwa? Kama hakuwa, basi aliamka. "Eneo la kisima" ni kisima. "Kwa ajili ya kwenda kuchota maji" haihitajiki, kwa kuwa ukimpa ndoo tu tunajua anakwenda kufanya nini. Na "huzuni kubwa sana ndani ya moyo wake" inamwambia msomaji ahisi nini badala ya kumwachia aone mwenyewe. Mimi ningeiandika hivi:

"Alfajiri Rehema alibeba ndoo akashika njia ya kisimani. Majirani walimsalimu. Hakumwitikia hata mmoja."

Neno huzuni halimo. Lakini kwetu mtu asiyeitikia salamu asubuhi ana jambo zito, na hilo msomaji wa Kiswahili halihitaji kuelezwa. Mama mkwe nimemtoa makusudi. Aje aya ya pili na maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu, yale makali, kama alivyoyasema.

Fanya zoezi hili kwenye sura yako yote: tafuta kila "aliweza", "mnamo", "kwa ajili ya", "hali ya", "suala la", "ambapo". Futa, kisha soma kwa sauti. Sentensi ikisimama bila neno hilo, liache huko huko nje. Soma kwa sauti kweli, si kimoyomoyo. Ulimi unakwama pale ambapo jicho linapita tu.

Kuhusu washkaji: usiwaulize kama ni nzuri, maana hakuna atakayekuvunja moyo. Wape sura tatu za karatasi na kalamu, waambie waweke alama mahali walipoacha kusoma, hata kama waliacha kwa sababu ya ugali kuiva. Watu watatu wakiacha ukurasa mmoja, ukurasa huo una tatizo. Huna haja ya maoni yao mengine.

Na una kitu ambacho waandishi wengi hawana. Una usiku mzima, na uko mahali ambapo wengine hawapajui saa hizo. Magari yanayoingia usiku wa manane, wapagazi, mbwa, namna walinzi wanavyoitana gizani. Rehema na kisima chake ni wako, sawa, lakini usilipite ghala.

BintiPwani

Hamjambo nyote. Mie natokea Likoni, Mombasa. Uzi mzuri huu mwalimu, Mungu akuzidishie.

Niongeze kuhusu kutoa hadithi kwa sehemu, maana mie ndiko nilikoanzia. Natoa kwenye Facebook na WhatsApp, Jumatatu na Alhamisi, sehemu za mwanzo bure, kisha atakaye kuendelea hulipa kidogo kwa M-Pesa naye huingizwa kwenye kundi. Faida yake kubwa kwangu haikuwa pesa. Ni kwamba kuna watu wangojea. Ukichelewa Alhamisi, kufika saa tatu usiku wauliza "vipi dada, leo twalala njaa?" Hapo utaandika utake usitake. Nidhamu niliyoshindwa kujipa mwenyewe nimepewa na wasomaji.

Nao hukukosoa papo hapo. Niliwahi kumpa mhusika safari ya feri usiku na nikaeleza kivuko visivyo. Nilirekebishwa na mtu afanyaye kazi pale pale Likoni kabla sijanywa chai.

Lakini muelewe, sehemu ukizibandika pamoja hazigeuki kitabu. Kwenye simu kila sehemu lazima imkumbushe msomaji yaliyopita, na lazima imalizie pa kumning'iniza. Kwenye karatasi, marudio yale yachosha na mning'inizo kila baada ya kurasa tatu waudhi. Nilipotaka kutoa kitabu nililazimika kuvunja yote na kujenga upya: sehemu tatu nne zikawa sura moja, nusu ya mining'inizo nikaitoa, na wahusika walioongezwa kwa sababu wasomaji waliwapenda nikawapa kazi ya kweli au nikawaondoa.

Kuhusu wizi wa hadithi, huo upo. Mtu huchukua kazi yako, akafuta jina, akaitia kwenye ukurasa wake. Mie nafanya mambo mawili. Ile ya kulipiwa natuma PDF yenye nambari ya simu ya mnunuzi kwenye kila ukurasa. Na kazi nzima naisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Sheria ya hakimiliki Kenya ya 2001 yakulinda tangu ulipoandika, usajili si sharti, lakini siku ya ugomvi cheti kina uzito.

Kalamu ya Kilosa

Dada BintiPwani, asante sana. Hilo la kuvunja na kujenga upya watu wengi wanalikimbia.

Huku kwetu Tanzania ofisi ya hakimiliki ni COSOTA, chini ya sheria ya 1999, na mambo ni hayo hayo: haki inaanza ulipoandika, usajili unakupa ushahidi. Hakimiliki inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, maana yake hadithi yako ni mali ya wanao pia. Hilo liandikeni kwenye karatasi, waambieni nyumbani.

Msomaji Kimya

Mwalimu, nakuheshimu, lakini tuambizane ukweli. Watanzania hawasomi. Wahenga wa mjini wanasema ukitaka kumficha Mswahili kitu kiweke kwenye kitabu. Na anayejichapishia mwenyewe si ndiye yule aliyekataliwa na wachapishaji?

Kalamu ya Kilosa

Mkuu, karibu, umeuliza ambalo wengi wanaliwaza kimya.

Msemo huo naukataa kwa moyo wote, maana unawatukana wasomaji wangu. Angalia watu wanaolipia mwendelezo wa hadithi kwenye simu. Kumbuka foleni ya kusubiri gazeti la hadithi enzi za magazeti pendwa, gazeti moja likisomwa na nyumba tatu. Nenda kwa wauza vitabu vya mitumba waliotandaza kando ya barabara Posta, Dar, uone kama wanafunga kazi. Msomaji yupo. Kinachokosekana ni kitabu kumfikia alipo, kwa bei anayoimudu, kikizungumza mambo yanayomhusu. Mtu wa Ifakara anunue wapi riwaya leo? Swali hilo ndilo linaloninyima usingizi, silo la kama anajua kusoma.

Kuhusu kukataliwa: Shaaban Robert aliandika huku akiwa karani wa serikali, miaka mingi kwenye idara ya forodha, na ingawa wachapishaji wa Uingereza walitoa vitabu vyake, alianzisha pia uchapishaji wake mwenyewe Tanga. Ben Mtobwa, mtunzi wa riwaya za upelelezi, alikuwa na kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na riwaya zake zilitoka huko. Nairobi, miaka ya 1970, mwandishi David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa vitabu vyembamba vya mfukoni vya bei nafuu, ambavyo makarani na makondakta walivigombania. Hawa hawakuwa watu wa kuhurumiwa. Walijua wasomaji wao kuliko ofisi yoyote ilivyowajua.

Mchapishaji mkubwa anaangalia shule, kwa sababu huko ndiko kwenye oda za maelfu. Riwaya yako ya mapenzi au upelelezi si biashara yake, hata ikiwa nzuri. Kukujibu "hapana" si hukumu juu ya kalamu yako. Ila nakubaliana nawe kwa jambo moja: mchapishaji anapokubali kitabu analipia mhariri, mpangaji kurasa, msanifu wa jalada na msoma prufu. Ukijitolea mwenyewe, kazi hizo hazijafutwa. Zote zimehamia kwako, na anayeziruka anawapa watu wa mtazamo wako sababu ya kusema.

Kwa mhariri usibane. Mwombe akuharirie kurasa tano kwanza kabla ya kukubaliana bei. Akizirudisha amerekebisha nukta na mikato tu, huyo ni msoma prufu, kazi yake inakuja mwishoni. Unayemtaka ni yule anayekuandikia pembeni: "Huyu mjomba alikufa sura ya pili, anakunywa chai sura ya saba." Kwa lugha, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) pia wanahariri miswada, na ukiwaza soko la shule, ithibati yao utaihitaji.

Fundi Mashine

Heshima kwenu wakuu. Mimi ni mchapaji, Kariakoo. Naomba nisaidie upande wangu maana waandishi wanakuja hawajui waulize nini, halafu lawama zinatuangukia.

Njia za kuchapa ni mbili: kuna dijito, inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili la kompyuta, na kuna ofseti. Ofseti inahitaji pleti (bamba lenye sura ya kurasa) na mashine kusetiwa, gharama hiyo ni ile ile uchapishe vitabu 50 au 2,000. Ndiyo maana bei ya kitabu kimoja inashuka ukichapa vingi. Dijito haina pleti, bei ya kitabu cha kwanza na cha mia karibu inalingana. Kwa kitabu cha kwanza, nakala 100 au 200, nenda dijito usidanganyike na ile "ukichapa elfu moja kila kimoja kinakuwa bei ya kutupa". Kweli ni bei ya kutupa, lakini utaviweka wapi?

Kwenye ofseti kurasa hukunjwa kwa mafungu ya 16. Kitabu cha kurasa 128 ni mafungu 8 kamili. Ukiniletea kurasa 131 nitakuongezea fungu na utalipia kurasa tupu. Mwambie anayekupangia kurasa akaze mistari kidogo zirudi 128.

Karatasi za ndani ziwe za uzito wa gramu 70 au 80 kwa mita ya mraba. Riwaya ikipata karatasi ya rangi ya maziwa inapumzisha macho kuliko nyeupe pee. Kava gramu 250 au 300, na laminesheni (utando wa plastiki juu yake), la sivyo kona zitajikunja ndani ya wiki kwenye mkoba. Picha ya kava iwe na nukta 300 kwa inchi, si ile uliyotumiwa WhatsApp, WhatsApp inaiua picha. Na acha milimita 3 za ziada kila upande, kisu hakikati pale pale kila mara.

Leteni PDF, msilete Word. Ukifungua Word kwenye kompyuta nyingine fonti inabadilika, kurasa zinahama, sura inaanzia chini ya ukurasa, halafu unaambiwa fundi kaharibu.

Na dai sampo. Kitabu kimoja kizima, kilichogundishwa na kukatwa, kabla ya kutoa vyote. Kifungue katikati ukibane kwa nguvu mgongo mara kadhaa. Kurasa zikichomoka, gundi haijashika, na usipokee. Fundi anayekataa kutoa sampo, ondoka.

Kalamu ya Kilosa

Fundi, Mungu akubariki. Hayo ya sampo yachapwe yabandikwe ukutani.

Sasa bei, nimeahidi. Tarakimu hizi ni za mfano, weka za kwako ulizopewa. Tuseme kitabu cha kurasa 128, nakala 200, na mchapaji anataka 4,500 kwa nakala. Hiyo ni 900,000. Mhariri 300,000, kupanga kurasa 100,000, kava 80,000. Jumla 1,380,000. Gawa kwa 200, kila kitabu kimekugharimu 6,900.

Wengi wanaona 6,900, wanaweka bei 10,000, wanafurahi. Ukiuza mkono kwa mkono kweli unabaki na 3,100. Sasa peleka duka la vitabu. Duka linachukua asilimia yake, tuseme 35. Kwenye 10,000 unarudishiwa 6,500. Kila kitabu dukani kinakukata 400, na kadiri kinavyopendwa ndivyo unavyozama. Weka 12,000: duka linakupa 7,800, unabaki na 900, mkononi unabaki na 5,100. Bei ipangwe kwa kuangalia duka tangu siku ya kwanza, maana kupandisha baadaye ni vigumu.

Tena hapo hujatoa za bure. Mhariri, wasomaji wako wa kwanza, maktaba ya shule, mtangazaji wa redio, mama mzazi. Hizo zimo ndani ya 200.

Faida yenyewe iko kwenye kuchapa tena. Mhariri umeshamlipa, kava ipo, kurasa zimepangwa. Mara ya pili kitabu kinakugharimu zile 4,500 tu, na kwa 12,000 duka linakuachia 3,300, mkono unakuachia 7,500. Kwa hiyo pesa za mauzo ya kwanza zisiguswe. Ziwe kwenye laini yake ya simu au akaunti yake peke yake hadi mchapo wa pili utoke. Nimewaona waandishi wenye kitabu kinachotafutwa na hawana cha kuchapia, kwa sababu kila 12,000 iliyoingia ililiwa siku hiyo hiyo.

Maduka mengi yatataka mali kauli: unaacha vitabu, unalipwa vikiuzwa. Kubali, lakini andikeni idadi, bei, asilimia na tarehe ya kuhesabu, muweke sahihi wote wawili. Anza na vitabu vichache kila duka, na pita mwenyewe kila mwezi. Wa mikoani watumie kwa basi, anayepokea alipe nauli ya mzigo, na umtumie picha ya risiti basi linapoondoka.

Mlinzi wa Usiku

Mwalimu nimeirudia sura nzima jana lindoni. "Aliweza" zilikuwa nyingi hadi nikashangaa. Sura imepungua karibu nusu na inasomeka.

Swali: ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ni lazima? Inatoka wapi? Na Kindle, vitabu vya kielektroniki vya Amazon, vipi, maana kuna jamaa kaniambia huko ndiko kwenye dola.

BintiPwani

Kaka, kwa Kenya ISBN yatoka kwa Huduma ya Maktaba za Taifa, KNLS. Nambari zetu nyingi utaona baada ya 978 zina 9966. Bila hiyo maduka makubwa Nairobi na Mombasa hata hawakusikizi, kwa sababu kompyuta yao husoma nambari hiyo kwenye mistari ya kava.

Kalamu ya Kilosa

Kwa Tanzania inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba, na zetu nyingi baada ya 978 zina 9976 au 9987. Ukiuza mkono kwa mkono kijijini kwako haikulazimu, lakini iombe tu, maana hujui kitabu kitafika wapi. Kila umbo lina namba yake: cha karatasi moja, cha kielektroniki nyingine. Ukiomba usisahau kwamba sheria inataka nakala za kitabu kilichochapwa zipelekwe maktaba zikahifadhiwe. Wengi wanachukua namba na nakala hawapeleki. Peleka. Miaka 60 ijayo mtu akitaka kujua Mwanza ya sasa ilivyokuwa usiku, atakikuta.

Kindle: mara ya mwisho nilipoangalia, Kiswahili hakikuwamo kwenye orodha ya lugha wanazozikubali kwa vitabu vya kielektroniki. Watu wanapitisha kwa kudanganya lugha, na kitabu kinaweza kuondolewa siku yoyote. Mimi kitabu changu sikijengi kwenye udanganyifu. Ukiandika kwa Kiingereza, wanakupa asilimia 70 ya bei kwa masharti yao kama kitabu ni kati ya dola 2.99 na 9.99, nje ya hapo asilimia 35. Na mauzo ya Marekani yanakatwa kodi ya huko asilimia 30, kwa sababu sisi hatuna mkataba wa kodi nao. Kwa hadithi ya Kiswahili, msomaji wako yuko WhatsApp na ana pesa kwenye simu. Muuzie huko, PDF yenye namba yake kama alivyosema dada.

Mwisho kwa leo, kabla hujaitoa hadithi yote mtandaoni, jiulize kama unataka kuishindanisha. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuna tuzo ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Tuzo za namna hii zina masharti kuhusu kazi iliyokwisha kuchapishwa. Soma masharti ya mwaka husika kwanza, halafu ndipo uamue sehemu ngapi uzitoe bure.

Mlinzi, weka sura ya pili hapa au nitumie PM. Nataka kusikia mama mkwe alisema nini. Mambo ya kupanga kurasa kwa simu nitayaandika kesho nikishasahihisha madaftari ya kidato cha pili.